Kenya Haipasuki Kesho, Lakini Ufa Uko Mdomoni Mwangu

Wasee, leo naanza na kuungama.

Mwaka wa 2023 niliposti video ya sekunde 58. Picha ilikuwa ule ufa wa Mai Mahiu wa 2018, barabara ya Narok imekatika, watu wamesimama kando wakichungulia ndani kama wako mazishini. Nikaweka muziki wa kuogofya, nikashusha sauti, nikasema: "Afrika inagawanyika, na inaanzia Kenya. Kama unaishi Naivasha, Nakuru ama Narok, anza kujipanga." Nikamalizia na swali: "Wewe utabaki upande gani?"

Hiyo video ndiyo ilinitoa. Nilikuwa nimeacha chuo miezi minne tu kabla, mwaka wa pili, karo imekataa kabisa kupatikana, na nilikuwa nalala kwa kochi ya binamu yangu Umoja. Video zangu za kitambo zilikuwa zinaangaliwa na watu 200, na nusu yao walikuwa watu wa ukoo. Hii ilipita 300,000 kwa wiki moja. Nikaanza kuona doo. Nikahama kochi.

Halafu Desemba ikafika, nikaenda Gilgil kumwona shosho.

Mimi ndiye nilipewa jina la guka, kwa hivyo shosho huniita "mzee wangu" na hucheka kila mara akiniita hivyo. Siku hiyo hakucheka. Nilimkuta nje anachambua njahi, akanivutia stuli.

"Mzee wangu, keti kwanza. Hii shamba tuuze ama tusiuze?"

"Kuuza? Kwa nini, shosho?"

"Kuna mtu amekuja mara mbili. Anasema huku kwetu kunapasuka, bahari itaingia. Anasema anatuhurumia, atainunua tu hivyo ilivyo, kabla bei ianguke kabisa."

"Na wewe ukamwamini?"

"Singemwamini. Lakini alitoa simu akanionyesha. Na aliyekuwa anaongea kwa hiyo simu ni wewe."

Manze. Nilinyamaza hadi kuku wakaanza kunisikitikia.

Hiyo usiku sikulala. Nilianza kusoma. Mimi si mwanajiolojia, na nimeshawaambia chuo sikumaliza. Lakini kusoma hakuhitaji kitambulisho cha mwanafunzi, na nilikuwa na deni la kulipa. Hii posti ndiyo risiti.

Kwanza, ufa ni wa kweli

Sitaki mtu aondoke hapa akisema nimekana Bonde la Ufa. Bonde ni la kweli, na liko hai.

Ngozi ya juu ya dunia haiko kipande kimoja. Imegawanyika kuwa mabamba makubwa, na haya mabamba yanasonga polepole sana. Mahali mawili yanasukumana, ardhi inakunjika. Jaribu kusukuma zulia kuelekea ukutani, utaona linavyoinuka mikunjo mikunjo. Ndivyo Himalaya ilivyotokea. Miaka kama milioni 50 iliyopita, bamba lililobeba India liligonga bara la Asia, na hadi leo halijaacha kusukuma. Jiwe lililo kilele cha Everest, mita 8,849 juu, lina mabaki ya viumbe wa baharini. Yaani kileleni mwa mlima mrefu kuliko yote duniani unakanyaga sakafu ya bahari ya zamani. Na ule msukumo haujaisha: tetemeko la Nepal la Aprili 2015, lililoua watu karibu 9,000, lilitokana na hiyo shughuli hiyo hiyo.

Kwetu ni kinyume. Huku ardhi inavutwa. Chini ya Afrika Mashariki kuna mwamba wa moto unaopanda kutoka ndani kabisa. Ukipanda, unainua nchi nzima juu, na ngozi ya juu inatanuka mpaka inapasuka, kama mkate ukiumuka kwa oveni. Volkano za kwanza za ufa huu zilianza zaidi ya miaka milioni 30 iliyopita, upande wa Ethiopia na Turkana.

Sasa kwa nini bonde? Chukua vitabu vitatu, visimamishe pamoja, uvibane kwa viganja viwili. Halafu legeza viganja kidogo. Kile cha katikati kinateremka, viwili vya kando vinabaki juu. Umetengeneza Bonde la Ufa mezani.

Ile siku mlienda trip na mkasimama pale juu karibu na Kimende kupiga picha, kando ya wale jamaa wa kuuza ngozi za kondoo, ulikuwa umesimama juu ya kitabu cha kando. Kule chini, Longonot iko juu ya kile cha katikati. Na ule ukuta wa bluu mbali kabisa ng'ambo, ule wa Mau, ndio kitabu cha tatu. Mmoja wa watu wa kwanza kuandika kwamba hili bonde halikuchimbwa na mto, kwamba ardhi ya katikati ndiyo iliyozama kati ya nyufa mbili, alikuwa Mwingereza John Walter Gregory, aliyepita huku mwaka wa 1893. Ndiyo maana vitabu vya jiolojia hadi leo huita upande wetu Ufa wa Gregory. Kwamba watu walikuwa wanaishi pale karne na karne na bonde likaitwa jina la mgeni wa miezi michache, hiyo tutaiongea siku nyingine.

Milima yetu mikubwa yote ni watoto wa hiyo vuta nikuvute. Mlima Kenya ni volkano iliyolala kabisa. Batian, mita 5,199, ni ule mwamba mgumu uliogandia ndani ya koo la volkano, na yale maganda ya nje yakaliwa na mvua na barafu. Kilimanjaro, mita 5,895, ni volkano. Nyandarua ni volkano. Menengai ilijilipua ikaporomokea ndani, ikaacha shimo la upana wa kama kilomita 12. Rwenzori pekee ndiyo tofauti: mita 5,109 na si volkano. Ni bonge la mwamba wa zamani lililosukumwa juu katikati ya nyufa.

Kwa hivyo nikikuambia ufa ni wa kweli, namaanisha hivyo. Ukiutoa, Kenya unayoijua haipo.

Basi ule wa Mai Mahiu ulikuwa nini?

Machi 2018 mvua ilinyesha vibaya. Pale kati ya Mai Mahiu na Suswa, ardhi ya juu ni majivu ya volkano, laini kama unga. Maji yakiingia chini yake yanapita kwa nyufa za zamani, yanabeba majivu kidogo kidogo, yanaacha pango usiloliona. Siku moja dari ya hilo pango inaanguka. Unaamka asubuhi kuna mtaro wa kumeza lori mahali palipokuwa na barabara.

Wanajiolojia wengi walioutazama walisema hivyo: maji na majivu. Wengine wakaongeza kwamba chini ya yale majivu kuna nyufa za kweli za Bonde, na ndizo zilizoonyesha maji njia. Lakini bara halikupasuka wikendi moja. Muda mfupi baadaye barabara ilijazwa mawe na udongo, matatu zikaendelea na kazi. Bara likigawanyika huwezi kuliziba kwa lori za murram.

Mimi nilikuwa na hii habari mbele yangu 2023. Sikuisoma. Picha ilikuwa inatosha.

Hesabu ya kucha

Angalia kucha zako. Kucha ya mkono inakua kama milimita 3 kwa mwezi, milimita 40 hivi kwa mwaka. Bonde la Ufa upande wa Kenya linafunguka milimita chache tu kwa mwaka. Kwa hivyo kucha zako zina mbio kuliko mgawanyiko wa Afrika, na si kidogo.

Tuseme ni milimita 3. Tangu uhuru, 1963, mpaka leo, Kenya imetanuka kama sentimita 19. Hiyo ni urefu wa penseli mpya ambayo haijachongwa. Kutanuka kilomita moja tu kungechukua zaidi ya miaka 300,000. Na bahari kuingia? Hiyo ni mamilioni ya miaka. Yule jamaa aliyekuwa anamhurumia shosho angengoja sana.

Sasa usiniskize nusu. Ardhi haitanuki taratibu kila siku kama mtu anavuta lastiki. Mara nyingi inakaa kimya, inajikaza, halafu inaachilia kwa ghafla. Mwaka wa 1928 Subukia ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 6.9, kubwa zaidi ambalo Kenya imewahi kurekodi. Julai 2007 Nairobi ilitetemeka, watu wakashuka mbio kutoka maghorofani, chanzo kikiwa kaskazini mwa Tanzania karibu na mlima Gelai. Miezi miwili baadaye jirani yake Ol Doinyo Lengai, mlima mtakatifu wa Wamasai, ukalipuka. Na huko Afar, Ethiopia, Septemba 2005, ardhi ilifunguka kwa urefu wa kama kilomita 60 ndani ya siku chache tu, mahali pengine mita 8, magma ikipanda kujaza nafasi. Huko ndiko bara limeenda mbali zaidi katika kuachana. Ukitaka kuona ufa uliomaliza kazi yake, angalia Bahari ya Shamu kwenye ramani: Uarabuni uliwahi kushikana na Afrika pale.

Kwa hivyo saa ya ufa ina mikono miwili. Mmoja wa mamilioni ya miaka, ambao ndio nilikuwa nawauzia nyinyi. Mwingine wa dakika na misimu ya mvua, ambao hakuna mtu anautengenezea video. Na huo wa pili ndio unaoua.

Kinachoua hakina muziki

Ule ukuta wa Bonde, ile miteremko mikali ya Elgeyo, ya West Pokot, ya Kijabe, imetengenezwa na ufa. Ni ile kingo ya kitabu cha kando. Ni mirefu, ni mikali, na udongo wake umeshikiliwa na miti. Ukikata miti na mvua ikaja kama inavyokuja siku hizi, mlima unateremka.

Novemba 2019, West Pokot, usiku, makumi ya watu walifukiwa na maporomoko. Aprili 2020 Chesogon, tena. Aprili 2024 karibu na Mai Mahiu, mahali pale pale niliposimamisha video yangu, mawe na takataka ziliziba njia ya maji chini ya reli, maji yakakusanyika juu huko kisha yakafunguka usiku yakabeba kijiji, makumi tena. Novemba 2025, Chesongoch, Elgeyo Marakwet, makumi tena.

Hesabu hao watu wote, halafu hesabu waliouawa na Afrika kugawanyika vipande viwili. Wa pili ni sufuri.

Na kabla mtu aseme "si wahame tu", elewa kwa nini watu wako pale. Juu kuna maji, kuna udongo wa kupanda, kuna baridi inayofukuza mbu. Bonde la Kerio chini kuna jua la kukausha mbuzi akiwa hai, na kwa miaka mingi kumekuwa na wizi wa mifugo na risasi. Watu wengine walipanda mteremko wakikimbia bunduki. Kuwaambia wahame bila kuwaambia wahamie wapi ni kelele za mtu aliye kwa kochi, na mimi nimekuwa huyo mtu.

Lakini kuna vitu vinawezekana. Miteremko hatari inajulikana, ilishateremka zamani na alama zake zinaonekana. Mifereji chini ya reli na barabara inaweza kuzibuliwa kabla ya Aprili, si baada ya mazishi. Mtu anaweza kuambiwa usiku huu usilale hapa, mvua ya juu imepita kiasi. Hizi ni kazi ndogo na za kuchosha, hakuna anayezifuatilia, na hiyo ndiyo sababu hazifanywi. Kiongozi akijua wewe unaogopa bahari ya miaka milioni ijayo, anapumua. Hiyo hawezi kuulizwa. Ya mfereji anaweza kuulizwa.

Na sasa, mdomo wangu

Hapa ndipo posti inakuwa ngumu kwangu, so nivumilie.

Walionifuata kitambo hawajawahi kuona meno yangu vizuri. Natumia filta. Kila video. Meno yangu ni ya kahawia, yana mistari na madoa, na yamekuwa hivyo tangu yaote.

Nililelewa Gilgil na shosho mpaka nikiwa darasa la tatu, ndipo mathe akanichukua Nairobi. Maji tuliyokunywa yalitoka kisima kirefu. Na maji ya Bonde la Ufa, katika sehemu nyingi, yana floraidi ya kupita kiasi, kwa sababu yanapita chini katika mawe na majivu ya volkano na kuyeyusha yaliyomo. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingi kuanzia Naivasha hadi Nakuru hadi Baringo vinapita hapo mara kadhaa. Mtoto akiyanywa miaka ile meno ya ukubwani yanajitengeneza ndani ya fizi, enameli inatoka na kasoro, na doa halitoki tena. Ikiwa nyingi zaidi na kwa miaka mingi, inaingia hadi mifupani.

Nairobi shuleni waliniita Majani Chai. Mwalimu mmoja aliniambia mbele ya darasa ninunue mswaki. Nilipiga mswaki mara nne kwa siku mpaka fizi zikatoka damu. Nilitumia majivu, nilitumia chumvi, nilitumia ndimu. Nilijifunza kucheka na mdomo umefungwa. Msichana niliyempenda kidato cha tatu aliniambia niko sawa, shida ni usafi.

Na hii ndiyo inaniuma. Kidato cha pili tulifundishwa Bonde la Ufa. Tulichora, tukaweka mishale, tukaandika majina ya sehemu zake. Nilipata alama 7 kwa 8. Hakuna aliyetuambia kwamba huo mchoro unatoka kwa bomba. Nilikuwa nimekaa pale na Bonde lenyewe mdomoni, nachora mishale, na sikujua. Mwalimu pia, nafikiri, hakujua. Tulifundishwa ufa kama kitu cha mtihani, mbali na sisi, na ndiyo maana tukikua tunauza hofu zake bila kujua ni wa nani.

Mtu wa Nakuru, wa Gilgil, wa Naivasha, wa Njoro anayesoma hii: wewe si mchafu. Hujawahi kuwa mchafu. Ulikunywa volkano.

Na msikilize hii vizuri kama una mtoto mdogo ama una ndugu mdogo huko: kuchemsha hakutoi floraidi. Maji yanapungua, floraidi inabaki, kwa hivyo unaizidisha. Dawa ya kuua viini haiitoi pia. Maji ya mvua yaliyokusanywa vizuri hayana hiyo shida. Na huko Nakuru kuna vichujio vinavyotumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe, teknolojia iliyotumika huko kwa miaka mingi na inafanya kazi. Kabla ya yote, kisima kipimwe. Aliyekuuzia kisima hajakuambia kipimo, muulize. Na anayekuletea maji na lori mtaani, muulize yametoka wapi.

Ufa pia umetulisha

Sitaki umalize ukiuchukia.

Hiyo simu unayosomea hii, sehemu kubwa ya chaji yake imetoka kwa ufa. Olkaria ilianza kutoa umeme wa mvuke mwaka wa 1981, na siku hizi sehemu kubwa ya umeme wa Kenya inatokana na joto la ardhini. Mvua ikikosa na mabwawa yakauke, ule mvuke hauna habari. Bei yake ipo pia, muulize Mmasai aliyehamishwa Olkaria 2014 kupisha mitambo. Lakini nchi ngapi duniani zinaweza kusema hivyo kuhusu umeme wao?

Maji ya Nairobi, sehemu kubwa, yanatoka Ndakaini, na Ndakaini inajazwa na mito ya Nyandarua, ule mlima wa volkano kwenye ukingo wa Bonde. Udongo mwekundu wa chai na kahawa wa Murang'a na Kiambu ni mwamba wa volkano uliooza kwa muda mrefu. Yale mawe ya Ndarugo yaliyojenga keja yako ni majivu ya volkano yaliyogandamana. Wakimbiaji wetu wanafanya mazoezi Iten kwenye mita 2,400 kwa sababu ufa uliinua ile nchi, halafu wanaangalia Kerio chini yao kama uwanja.

Na hata sisi kujua tulikotoka ni ufa. Bonde lilizika mifupa kwa matope na majivu, na yale majivu ndiyo yanawapa wanasayansi tarehe. Baadaye mvua na mito ikaifukua tena. Mwaka wa 1984, Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, jamaa anaitwa Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu, rangi yake karibu sawa na mawe yaliyokizunguka. Kilikuwa cha Kijana wa Turkana, mifupa ya miaka kama milioni 1.5, karibu mwili mzima. Kimeu hakupita chuo kikuu. Alikuwa na macho na subira, na alikuwa anaijua ardhi anayotembea juu yake. Kila nikisikia mtu akiniambia "wewe dropauti unatufundisha nini", namkumbuka huyo mzee. Sijifananishi naye. Najikumbusha tu kwamba aliangalia chini kabla ya kusema kitu.

"Lakini angalau video yako ilifanya watu wajue"

Hii nimeambiwa na marafiki, hata na wale wa kazi hii yetu. Kwamba mtu akiogopa atatafuta ukweli mwenyewe, kwa hivyo hofu ni mlango.

Mimi nimeona mlango wenyewe ulifunguka wapi. Ulifunguka kwa shamba la shosho wangu, na aliyeingia alikuwa broka. Hofu haikumfanya shosho asome jiolojia. Ilimfanya afikirie kuuza ekari mbili alizoachiwa na guka kwa bei ya kutupa. Na kama mtu mmoja alikuja na simu Gilgil, nani alienda Suswa? Nani alienda Elementaita? Watu 300,000 waliangalia ile video na mimi najua kisa kimoja tu.

Tena hofu ya kitu kikubwa sana inakupa ruhusa ya kutofanya kitu. Kama bara linagawanyika, utafanya nini? Utakunywa chai tu. Lakini kama kisima cha shule ya kina Wanjiru kina floraidi, kuna mtu wa kupigiwa simu, na kesho yake unaweza kumpigia tena.

Mahali tumefika

Shosho hakuuza. Nilimwambia ukweli wote, na hesabu ya kucha pia. Aliangalia vidole vyake akasema, "Basi hiyo bahari itanikuta nimeshaenda nikarudi mara nyingi." Halafu akaniuliza kama nimekula.

Ile video nimeitoa. Niliposti nyingine ya kusahihisha, na hiyo iliangaliwa na watu 4,000. Ni sawa. Pesa iliyokuwa imebaki ya ile ya kwanza nilinunua tangi la lita 3,000 na mabati mapya ya upande mmoja wa nyumba, na mtaro wa kukinga mvua. Sasa watoto wa jirani huja na mitungi midogo kuchota ya kunywa, na shosho anawafokea wasimwage, na anawajazia.

Mdogo wao ana miaka minne. Meno yake ya ukubwani bado hayajatoka.

Ombi langu ni dogo. Uliza maji unayokunywa yanatoka wapi na yalipimwa lini. Angalia juu ya nyumba yako kuna nini, na mvua ikija hayo maji yanapitia wapi. Na mtu akikuonyesha video ya kuogofya kuhusu shamba lako, hata kama sauti ni yangu, uliza nani ananunua.

Kuanzia wiki hii natoa filta. Mkinicheka chekeni, mtakuwa mnacheka jiolojia.